Chupa ya Jumatatu Ile

Kila Jumatatu, saa mbili asubuhi, mpimaji wa maabara ya ufukweni alitembea hadi mwisho wa gati na ndoo yenye kamba, akaiteremsha, akaivuta, akajaza chupa mbili za kahawia. Chupa ya kwanza ilikuwa ya kupimwa. Ya pili ilikuwa ya kuwekwa. Zote mbili zilikaa wazi mezani, kando ya hadubini, mpaka hesabu iishe. Hapo ile ya pili ilitiwa matone manne ya iodini, ikazibwa kwa kizibo na nta, ikabandikwa tarehe na kupelekwa stoo. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili, na mtaa mzima ulishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Bi Chupa, naye aliitika bila kinyongo.

Alichokuwa akihesabu ni mwani. Si ule wa kuokota ufukweni, la. Huu ni mdogo mno, chembe moja moja, tone moja la maji lina kijiji kizima. Wengi wao hawana ubaya, ndio chakula cha bahari. Lakini iko aina moja yenye mkanda kiunoni, imebeba sumu, na maji yakipata joto huzaana utadhani imelipwa. Chaza hunywa maji hayo mchana kutwa, huiweka ile sumu mwilini na wala hapati hata kwikwi. Mtu akimla chaza huyo, midomo huingia ganzi, kisha vidole, kisha pumzi. Moto hauiwezi sumu hiyo, na ndimu ndiyo kabisa. Dawa ni moja tu: hesabu ikipita kiwango, gati hufungwa, kinapigiliwa kibao chekundu chenye muhuri wa mkuu wa kituo, na hakuna chaza anayetoka hapo mpaka maji yatulie.

Iodini huhifadhi, hilo linajulikana. Humhifadhi mwani asioze, na huhifadhi siku yenyewe, tangu maji yanapovutwa mpaka chupa inapozibwa: sauti zake, harufu zake, upepo wake, jua lake. Ukitoa kizibo, siku hutoka na kwenda kwa mwendo wake uleule, na ikishatoka hairudi. Kanuni za maabara, ukurasa wa kumi na moja, zilisema afunguaye chupa ya zamani sharti afungue na dirisha, kwani siku ikifungiwa chumbani huleta maumivu ya kichwa.

Mwaka huu ilikuja amri kutoka makao makuu kwamba stoo isafishwe, iwe chumba cha mikutano. Basi Bi Chupa akawa anafungua chupa tano kwa siku, anamwaga, anasuuza. Chini ya dirisha watu walianza kuja na viti vyao. Fundi cherehani alisikia mashine yake ikiimba enzi zile ikiwa mpya, akasema, "Aa, siku hizo nilikuwa naitia mafuta." Mama mmoja alimsikia mumewe akipiga mluzi gatini, miaka kabla hajajifunza kugomba, akaomba chupa ya wiki iliyofuata. Kulikuwa na kengele za baiskeli ambazo hazipo tena, na vicheko vya watu waliohama bila kuaga. Wengine walileta maombi maalumu. "Bi Chupa, nitafutie ile ya mwezi wa tano, mwaka niliooa." Naye alitafuta. Karani wa mapokezi alilalamika kidogo tu, maana alishaandika barua mbili kwa tarehe za mwaka ambao hata mtoto wake wa kwanza hajazaliwa.

Zilipobaki chupa chache, kila mtu alijua ipo moja ambayo Bi Chupa haigusi. Ilikuwa ya Jumatatu ya miaka ishirini na moja nyuma. Ndani yake alikuwamo mama yake.

Mama yake aliuza chaza palepale gatini, na watu walimwita Mama Nyongeza, kwa sababu ukinunua kumi alikuongeza wa kumi na moja, na ukiwa na mtoto alikuongeza wawili. Wauza chaza wa gati lile wana desturi yao, hata leo: muuzaji humla chaza wa kwanza wa kila kapu mbele ya wanunuzi, ndipo auze. Asiyekula haaminiwi, atakaa na kapu lake mpaka jua lizame. Mama Nyongeza hakuwahi kuruka.

Jumatatu ile Bi Chupa alihesabu mwani mara tatu ya kiwango. Aliyekuwa mkuu wakati huo alisema kibao kisubiri, kuna wageni, kisha akamtuma yeye makao makuu na sampuli, siku hiyohiyo, kwa basi la mchana. Nyumbani hawakuwa na simu. Jumanne mama yake alimla chaza wa kwanza. Jumatano Bi Chupa aliporudi, alikuta viatu vingi mlangoni. Kibao kilipigiliwa Alhamisi. Wiki hiyo walikufa watu saba, na taarifa ya ofisi ikasema chanzo ni upishi mbaya, ingawa wote saba waliwala chaza wabichi.

"Nilibisha," Bi Chupa alimwambia mdogo wake wa kike siku ya mazishi. "Nilimwambia mkuu gati lifungwe leo, akakataa." Mdogo wake aliyashika maneno hayo, akayasema kwa kila aliyekuja kutoa pole, na kwa miaka yote iliyofuata akawa anayasema pale gatini, maana yeye ndiye aliyerithi meza ya mama, kisu cha mama na kapu la mama. Mtaa ukamheshimu Bi Chupa kama mtu aliyesimama mbele ya mkubwa. Mwenyewe alizoea kuheshimiwa. Alilisema neno hilo mara nyingi kiasi kwamba hakuwa tena na uhakika nalo, na hakuthubutu kuuliza chupa.

Sasa njoo Jumatatu hii. Alihesabu mara moja, akafuta kioo, akahesabu tena. Mara nne ya kiwango. Ilikuwa saa nne kasorobo. Mdogo wake alikuwa kwenye miamba tangu alfajiri na wenzake, wamezama mpaka kiunoni wakibandua chaza, na simu zao huziacha nyumbani kwa sababu ya maji. Huwezi kuwafikia huko mpaka wapande gatini saa tano. Saa tano kapu litatua mezani, na wa kwanza ataliwa. Bi Chupa alibeba karatasi yake na kibao chekundu, akaenda kwa mkuu wa kituo.

Mkuu wa sasa alikuwa kijana wa mtaa uleule, mwenye adabu, shati limenyooka.

"Shikamoo, Bi Chupa. Keti."

"Marahaba. Sikai, mkuu. Naomba muhuri."

Aliisoma karatasi taratibu. "Mara nne. Pole kwa kazi. Lakini Jumatano wageni wanaleta cheti cha ufukwe safi. Nitawapokeaje chini ya kibao cha sumu? Alhamisi asubuhi nagonga. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mkuu akacheka, maana lilikuwa jibu zuri, na yeye hakuwa mtu wa kununa. Kisha akavuta faili la zamani kabatini. "Mara ile walisubiri siku tatu. Angalia mwenyewe: upishi mbaya. Hakuna popote palipoandikwa kwamba kusubiri kulimuua mtu. Nikifunga bila ushahidi wataniuliza."

"Ushahidi upo stoo," Bi Chupa akasema.

Akaenda kuuchukua. Njiani kurudi aliikumbatia ile chupa kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, na machozi yalimtoka, tuseme ukweli, yalimtoka vibaya. Miaka ishirini na moja alikuwa akijiambia kwamba siku akistaafu atakaa peke yake kwenye kiti cha uvivu, atoe kizibo, azungumze na mama yake kwa saa mbili. Saa mbili ndizo alizokuwa nazo duniani. Lakini mama alikwisha kufa, na mdogo wake yuko majini sasa hivi. Aliiweka mezani kwa mkuu, akakwangua nta kwa ukucha. Saa ya ukutani ilisema saa nne kamili. Ndivyo ilivyokuwa hata siku ile. Enzi hizo kazi ilianza saa nne, kwa kuwa mkuu wa wakati ule hakupenda kuamka.

Kwanza lilitoka jua. Lilikuwa la manjano kidogo kuliko la leo, likakaa juu ya mafaili. Ikafuata harufu ya mbao mbichi, maana mwaka ule gati lilikuwa likitiwa mbao mpya. Upepo ukapeperusha karatasi mbili tatu. Kisha mama yake akaita, karibu kabisa, kama yuko nje ya mlango.

"Chaza wa leo! Njoo na bakuli, njoo na mtoto! Kumi wako, wa kumi na moja wangu, na wangu nakupa!"

Mkuu wa kituo aliweka kalamu chini.

"We mwanangu," sauti ikasema, imeshuka sasa, ya nyumbani, "umekunywa chai wewe? Mbona ndoo inakuvuta badala ya wewe kuivuta?"

"Nimekunywa, mama," ikajibu sauti ya msichana.

"Muongo. Sogea nikuone ulimi."

Msichana akacheka. Bi Chupa, mwenye miaka arobaini na mitano, alisimama mbele ya meza ya mkuu akiwa amefumba macho, na kama angeweza angeinama aokote kila neno sakafuni. Mama aliuliza kama paa limetengenezwa. Akamsengenya shangazi mmoja, kwa upendo. Akaita wateja tena. Akaimba kidogo, hovyo, akasahau maneno, akaendelea na mdomo tupu.

Mkuu wa kituo alikuwa analia. Alitoa leso na kujifuta bila kuficha. "Mimi alikuwa ananiongeza wawili," alisema. "Nilikuwa nakuja na bakuli la bluu." Kisha akakumbuka kanuni, ukurasa wa kumi na moja, akainuka akafungua madirisha yote mawili, na siku ile ikamwagika nje, ikateremka mteremko kuelekea gatini.

Walisikiliza saa nzima. Saa tano mkuu alitazama mkono wake, akasimama, akavaa koti.

"Nimesikia vya kutosha. Nakushukuru, Bi Chupa. Kwa kweli umenipa zawadi."

"Bado, mkuu! Unalotakiwa kulisikia liko mwishoni, karibu na saa sita. Hapo ndipo yule mwenzako anapokuja maabara."

"Siku haiharakishwi," mkuu akasema, na hilo lilikuwa kweli, halina ubishi. "Mimi nina bendera za kukagua. Alhamisi, saa tatu, nagonga mwenyewe." Akamshika bega kwa heshima, akatoka.

Bi Chupa akaacha chupa wazi mezani na kuteremka mteremko mbio, kibao kisicho na muhuri kwapani. Sauti ya mama yake ilikuwa imetangulia. Ilikuwa juu ya gati lote, nyangavu, ikiita watu waje na bakuli, na watu walikuwa wanakuja. Walikuja hata walioacha kula chaza miaka mingi. Walifunga maduka wakaja. Fundi cherehani alikuja na sufuria, futi la kupimia bado shingoni, anatabasamu peke yake. "Nyongeza ipo!" sauti ikasema, na mlolongo ukasogea.

Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ya kapu lililojaa, nguo zinachuruzika maji, uso umenawiri kama wa msichana. Kisu mkononi. Chaza wa kwanza alikuwa ameshafunguliwa.

"Dada! Unamsikia mama?"

"Namsikia. Usile."

"Eti?"

"Usile, mdogo wangu. Mara nne ya kiwango."

Mdogo wake aliangalia chaza, akaangalia kibao. "Muhuri uko wapi?"

"Alhamisi."

Mdogo wake alivuta pumzi ndefu. Kisha akamtupa chaza baharini, akapanda juu ya kigogo, akapaza sauti kushinda ya mama yake. "Jamani, tusikilizane! Leo hakuna chaza! Dada yangu amehesabu, kuna sumu. Muhuri wamekataa kugonga, lakini mimi simsubiri mkuu. Mnamjua dada yangu. Ndiye aliyebisha mara ile wakati wakubwa wote wamenyamaza. Huyu hasemi uongo!"

Watu wakaangaliana. Ni kweli, walimjua. Muuzaji wa meza ya pili, mama wa watoto wanne, aliguna, lakini akachukua gunia akafunika kapu lake. Wa meza ya tatu akafunika la kwake. Fundi cherehani aligeuza sufuria juu chini. "Kama ni Bi Chupa," akasema, "basi." Mlolongo ukaanza kukatika kutoka nyuma. Bi Chupa akamshika mdogo wake mkono, wakasimama hivyo, mama yao akiendelea kuita juu ya vichwa vyao na hakuna aliyekwenda.

Ikawa saa sita kasoro dakika chache. Sauti ya mama ilififia, kwa kuwa saa kama hiyo msichana alikuwa ameshaingia ndani na kukaa kwenye hadubini. Ukasikika mlango wa maabara ukifunguliwa, viatu vizito, kiti kikivutwa.

"Mara tatu?" Ilikuwa sauti ya mkuu wa zamani, nene, haina haraka. "Mm. Sasa sikiliza. Nina wageni mpaka Jumatano. Kibao kitasubiri Alhamisi. Wewe utachukua sampuli, upande basi la mchana, uzipeleke makao makuu. Na huko njiani hakuna kusimama kuongea na mtu. Umenielewa?"

Watu wote waligeuka kumtazama Bi Chupa, wengine wanatabasamu tayari, kama wanaosubiri sehemu nzuri ya hadithi wanayoijua.

"Sawa, mkuu," ikasema sauti ya msichana. "Nikuletee chai?"

"Lete. Sukari mbili."

Yakasikika matone manne, moja baada ya jingine, na kizibo kikiingia. Mchana wa siku ile ukaisha, ukabaki huu wa leo, mweupe, unaochoma.

Hakuna aliyemtukana. Fundi cherehani alikohoa. Alikuwa mtu mwema, akaona si vizuri mtu kuachwa hivyo. "Usijali, Bi Chupa," alisema. "Sasa ndiyo tumeelewa. Kama zile namba zingekuwa na uzito, mtu angesema sawa wakati mama yake mzazi yuko hapa gatini? Haiwezekani. Basi ni kweli walivyoandika. Ulikuwa upishi." Wengine wakakubali kwa vichwa, ilikuwa hoja yenye akili. Akageuza sufuria yake ikatazama juu.

"Namba zina uzito!" Bi Chupa alipiga kelele. "Nilikuwa naogopa! Niliogopa tu, jamani, nilikuwa na kazi mpya, niliogopa!"

"Tumekusikia, mama," wakamwambia kwa upole.

Muuzaji wa meza ya pili alitoa gunia. Akafungua chaza mmoja, akamwinua wanunuzi wamwone, akameza, akajifuta midomo kwa kiganja. Mlolongo ukahamia kwake.

Mdogo wake Bi Chupa alikuwa bado juu ya kigogo. Alishuka taratibu, akautoa mkono wake mkononi mwa dada yake, mkono uliokuwa umeshikwa muda wote huo.

"Miaka ishirini na moja," alisema. "Kila siku hapa, kila mtu. Nimewaambia ulibisha."

Bi Chupa alisema, "Lakini leo nimebisha."

"Leo." Mdogo wake alilishika kapu la mama yao pande zote mbili, akalipeleka ukingoni, akalimwaga baharini lote, chaza mmoja asibaki. Kazi ya asubuhi nzima ilizama kwa dakika moja. Kisha akalisuuza kapu, akaosha kisu, akaondoka bila kumngoja dada yake.

Alhamisi saa tatu mkuu wa kituo aligonga muhuri, kama alivyoahidi. Alikuwa mtu wa neno lake. Cheti kilikuwa kimeshatundikwa mapokezi, ndani ya kioo. Bi Chupa alibeba kibao na nyundo, akakipigilia mwenyewe mwanzo wa gati, misumari minne, kikakaa wima. Meza zilikuwa tupu. Waliopita walimsalimia vizuri, wakampa pole kwa kazi, na hakuna aliyesema lolote la kumuumiza.

Mdogo wake naye alipita, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, sahani ya vyakula mkononi imefunikwa. Alisimama akakisoma kibao, herufi zote, hadi muhuri.

"Umekipigilia saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu."

"Mara hii umewahi," mdogo wake akasema, akashika njia kwenda msibani, kwa yule wa meza ya pili.